Namsuka Dada Yetu Ili Uvimbe Usionekane

Shangazi Wamaitha, pokea salamu zangu. Mimi ni msomaji wako tangu nikiwa sekondari kule Kuresoi, ambako gazeti lilikuwa linatufikia likiwa limefungiwa nyama na bado tulikuwa tunalikunjua kutafuta ukurasa wako, na sikuwahi kufikiria kuna siku mimi ndio nitakuwa nakuandikia, lakini imefika mahali sina mtu mwingine wa kumwambia, kwa sababu wale wote ningewaambia ndio hao hao sitakiwi kuwaambia, na nikimaliza kueleza utaona kwa nini. Majina nimebadilisha, na langu silitaji.

Niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu hapa Nakuru. Kwa hosteli yetu kuna kitu tunakiita Laini. Si chama cha kuandikishwa, hakina ofisi wala fulana, ni wasichana tu ambao kila Jumapili baada ya kanisa hukaa kwenye ngazi za saruji nyuma ya hosteli, pale kwa kamba za nguo, kila mmoja kwa ngazi yake, na kila mmoja anamsuka aliye ngazi ya chini huku yeye mwenyewe akisukwa na wa ngazi ya juu, hivyo kutoka juu mpaka chini ni vichwa na mikono tu, na ukisimama mbali kule uwanjani ukaangalia, unaona kama ni mtu mmoja mrefu anajisuka mwenyewe. Walioianzisha ni wasichana waliokosa pesa za saluni zamani, na sasa ni wamama wenye kazi zao. Mmoja wao ni nesi kule Molo, anaitwa Jepleting, na mpaka leo kila mwaka siku ya kukabidhi uongozi lazima aje akae ngazi yake.

Kiongozi wetu wa sasa ni Waithera, wa mwaka wa nne, anasomea ualimu, kwao ni Kariandusi ambako mama yake huwauzia chai watu wa machimbo ya mawe meupe. Shangazi, sijui nikuelezeje Waithera ukaelewa. Siku niliporipoti chuo nilikuwa na begi moja na gunia la viazi ambalo mama yangu alikataa katakata niliache, na watu walikuwa wanapita wakiangalia lile gunia na kucheka kichinichini, na mimi nimesimama tu hapo nje sijui hata mlango ni upi. Waithera akaniita kutoka kwa zile ngazi, akasema, "Wewe wa viazi, kuja ukae hapa." Nikamwambia sina nywele, na ni kweli, shule yetu ilikuwa inatunyoa, kichwa kilikuwa kama goti. Akasema, "Nywele zitakuja. Wewe kaa." Nikakaa, akanipaka mafuta kichwa kizima polepole kama anayesuka nywele ambazo hazipo, na mimi nikalia na sijui nililia nini, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Jioni Laini yote ilikula viazi vyetu na wakamtumia mama yangu salamu kwa simu, mmoja mmoja, mpaka mama akauliza kama nimeenda chuo ama nimeolewa kwa ukoo mkubwa.

Kuna jambo lingine lazima nikwambie ndio uelewe hawa ni watu wa aina gani. Mwaka jana dada yetu mmoja, Immaculate, alikuwa amenyimwa alama zake na mwalimu mmoja ambaye alimwambia azifuate nyumbani kwake. Immaculate alisema hayo kwenye Laini, kwa sauti, mbele yetu sote, huku akisukwa. Hakuna aliyepiga kelele. Waithera aliuliza tu ofisi ya huyo mwalimu iko orofa gani. Kesho yake asubuhi tulienda tukakaa chini kwenye korido, kutoka mlango wa ile ofisi mpaka mwisho kule kwa ngazi, kila mtu akisuka wa mbele yake, kimya, hatukuimba, hatukubeba bango, na Waithera ndiye aliyekaa mbele kabisa, uso kwa mlango. Mwalimu akaja, tukamsalimia kwa heshima, tukaendelea kusuka. Akaenda akarudi, tuko hapo. Wanafunzi wakaanza kuja kutuangalia, halafu walimu wengine, halafu mkuu wa idara mwenyewe, na wote walikuwa wananong'ona kama watu walio kanisani, na mimi nilikuwa naangalia kile kisogo cha Waithera kimenyooka mbele yangu nikasema moyoni, Mungu wangu, kumbe msichana anaweza kuwa hivi. Saa za chakula cha mchana zikipita alama za Immaculate zilikuwa zimebandikwa ubaoni na mkuu wa idara amesema hiyo kesi ameichukua mwenyewe. Waithera akasimama, akakunja leso yake, akasema asante, tukaondoka. 

Sasa shida yangu ni hii. Mimi ndiye ninayekaa ngazi ya juu ya Waithera tangu mwaka wa pili, kwa sababu wanasema nina vidole vyepesi, na kichwa cha mtu ukikisuka kila Jumapili unakijua kuliko anavyokijua mwenyewe. Alipotoka mazoezi ya kufundisha mwezi wa tano, nikiwa namsuka nyuma, upande wa kushoto chini ya sikio pale nywele zinapoishia, kidole changu kikapita juu ya kitu. Kilikuwa kidogo, kigumu, kama vile viazi vidogo tunavyoacha shambani kwa sababu havifai kuokotwa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa, akasema hapana, ni nywele imeotea ndani, itaisha. Haikuisha, Shangazi. Kila Jumapili nilikuwa napita hapo na kila Jumapili naona kimekua, na sasa kuna kingine chini yake kinafuata shingo, na bado anasema hakiumi, lakini sketi zake sasa anazishika na pini, na shuka zake huwa ziko kwa kamba ya nguo karibu kila asubuhi, amezifua, kwa sababu anaamka zimelowa jasho hata siku ambazo sisi wengine tunatetemeka na baridi.

Nilipombana sana aliniambia ukweli, polepole, mimi nikiwa nimeinama karibu na sikio lake na wengine wakicheka hadithi zao. Dada yake wa kuzaliwa, yule aliyemtangulia kuzaliwa, alikuwa na uvimbe kwa titi. Alienda hospitali wakamwambia arudi, akarudi wakamwambia arudi tena, na walipokuja kusema jina la ugonjwa hakukaa sana, akafa, na mama yao alianguka pale pale kwa geti la hospitali, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuweza hata kuwasha moto wa chai. Waithera anasema mama yake hawezi kusikia neno uvimbe mara ya pili. Akaniambia, "Acha kwanza anione na joho. Nikishamaliza nitaenda, siku ya pili yake. Wewe nisuke tu ziwe za kumwaga, zifunike shingo." Lakini kabla ya hapo alikuwa amesema ataenda baada ya mitihani ya muhula, halafu ikawa baada ya kumaliza utafiti wake, sasa ni baada ya mahafali. Halafu akanikumbusha sheria ya Laini, ambayo kila mmoja wetu aliapa siku ya kwanza, kwamba linalosemwa kwenye Laini linabaki kwenye Laini. Sheria hiyo si ya mchezo. Iliwekwa kwa sababu zamani msichana mmoja alisema pale ngazini kwamba ana mimba, na kabla ya wiki kuisha chuo kizima kinajua, akafunga begi akaenda nyumbani na hakurudi kusoma.

Na mimi nikamsuka, Shangazi. Hapo ndipo mahali naona aibu. Nilibuni msuko, mistari inaanzia kulia inakuja kushoto halafu rasta zinamwagika zote upande ule, nzito, ukitazama huwezi kuona shingo kabisa. Nikafanya kazi nzuri mpaka watu wakaupenda. Sasa nusu ya hosteli wanausuka, wanakuja kwangu wanasema, nisuke Waithera, hilo ndilo jina la msuko, na kila nikimsuka msichana mwingine hivyo na kupitisha vidole nyuma ya sikio lake nikikuta pako sawa, narudisha vidole pale pale kupapasa mara ya pili.

Jumapili ijayo ni siku ya kukabidhi. Desturi ni kwamba kiongozi anayeondoka hukaa ngazi ya chini kabisa akiwa amefumuliwa nywele zote, na kila dada wa Laini, kuanzia yule aliyekuja juzi mpaka hao wamama wa zamani, anashuka anamsuka mstari mmoja. Kichwa chote kinapita kwa mikono ya wote. Mimi nimeshaiona mara mbili, na unaona mtu anabaki ametulia tu, na Laini yote imeandikwa juu ya kichwa chake. Wakimaliza, anatoa chanuo la mti, lile lenye jino lililovunjika ambalo limetoka kwa waanzilishi, anampa anayemfuata.

Waithera ameniambia mambo mawili. La kwanza, niwaambie wengine kwamba mwaka huu atakuja akiwa ameshasukwa na mimi, kwa sababu ngozi ya kichwa inamwasha na daktari amemkataza kufumua. Hakuna daktari. La pili, chanuo atanipa mimi. Na mimi hilo chanuo nimelitamani tangu siku ile nilikaa bila nywele, lakini sasa sijui kama ananipa kwa sababu ya vidole vyangu ama kwa sababu ya mdomo wangu ulionyamaza.

Nikisema, nimevunja kiapo kwa mtu aliyenifanya nikawa mtu hapa chuoni, na nitakuwa yule msichana wa kwanza kuharibu Laini tangu sheria hiyo iwekwe, na pengine ni uvimbe tu wa kawaida na nitakuwa nimemwaibisha bure. Nikinyamaza, sijui. Kila asubuhi naangalia kwa kamba ya nguo kama shuka ziko. Shangazi, nifanye nini na mtu ambaye namheshimu kuliko ninavyojiheshimu?

Mimi,
Mwenye Vidole, Nakuru.

*

SHANGAZI WAMAITHA ANAJIBU:

Mwenye Vidole, namba uliyoacha nimeipiga mara kadhaa na haishiki, kwa hivyo nakujibu hapa mbele ya watu, na barua za wengine zimesukumwa ndio yako ipite. Yule mama aliyeniandikia kuhusu mume anayelala na chumvi chini ya mto atanisubiri wiki ijayo.

Kwanza nikwambie kwamba hiyo habari ya korido niliisomea ofisi nzima. Odongo wetu wa michezo, ambaye huwa hanyamazi hata akila, aliweka kalamu chini, akatoka nje. Nimekaa kwa ukurasa huu miaka mingi, nimeletewa wanawake wanaoibiana mabwana, wanaorogana, wanaonyimana chumvi, na nikaanza kuamini labda ndivyo tulivyo. Halafu wewe unaniletea wasichana waliokaa chini na kusuka mpaka mkuu wa idara akanong'ona. Ningependa kuwaona kabla sijafa. Shukuruni.

Sasa kaa nikuseme kidogo.

Wewe ni fundi wa nywele. Si daktari, si padri, si jaji wa mahakama ya Laini. Nani alikupa kazi ya kuamua kwamba pengine ni uvimbe wa kawaida? Mimi pia sijui ni nini. Uvimbe wa shingo una sababu nyingi, na nyingi ya hizo zina dawa, hata zile zenye majina ya kutisha watu siku hizi wanatibiwa wanarudi kazini wanatusumbua. Lakini uvimbe unaokua, na mwenzake ukafuata, na mtu anakonda, na shuka zinalowa jasho, huo hausubiri mahafali. Huo unataka mtu aliyesomea auguse na auchunguze, tena mapema. Wewe umeugusa kila Jumapili tangu mwezi wa tano, mwanangu, na dawa uliyompa ni msuko. Tena ukausuka vizuri mpaka ukawa fasheni. Nimecheka na nikasikia vibaya kwa kucheka.

Sikukatii tamaa. Najua ulifanya hivyo kwa mapenzi. Aliyekupaka mafuta kichwa kisicho na nywele akikuomba kitu, utakataaje? Hata mimi ningesuka ile ya kwanza. Lakini ile ya pili, na ya tatu, hapo ningesikia vidole vinanikataza, na wewe vilikukataza, ndio maana umeandika.

Nataka sasa uangalie vizuri hiyo sheria yenu, maana naona mmeishika kwa upande usiofaa. Linalosemwa kwenye Laini linabaki kwenye Laini. Sawa kabisa, na sababu yake ni nzuri, kwamba msichana asije akafunga begi akapotea. Lakini Immaculate alipokuwa na shida alisema kwa nani? Umeandika mwenyewe. Alisema kwa sauti, mbele yenu sote, na ndio maana mlijua korido ipi. Waithera hajasema kwenye Laini. Amesema kwa sikio lako wakati wengine wanacheka hadithi zao. Laini haijaambiwa kitu. Mnaojua ni wewe na yeye, mmejificha nyuma ya rasta, halafu mnaita hiyo Laini. Sheria iliyowekwa ili msichana asiondoke chuo peke yake, leo ndiyo inamwacha Waithera peke yake na kitu hicho, na kila asubuhi anafua shuka zake mwenyewe. Ungekuwa mbele yangu ningekushika sikio.

Na kiapo umeshakivunja, usijidanganye. Ulikivunja uliposhika kalamu, na nakupongeza. Kubadilisha majina kumekusaidia nini? Nusu ya hosteli wana huo msuko. Gazeti hili linafika hapo kwenu Jumamosi asubuhi, na Waithera akilifungua, mstari wa tatu tu atajijua. Kwa hivyo muda wa kufikiria umeisha, na huo muda nimeumaliza mimi kwa makusudi. Mfikie kabla hajalifungua. Ukichelewa, mfikie nalo mkononi.

Usimwendee ngazini. Mwende chumbani kwake, mkae mkiangaliana, maana nyinyi wawili mmezoea kuongea yeye akiwa amekupa kisogo. Mwambie hivi, kwa maneno yako lakini yasipungue: "Dada, mimi sikusuki tena kwa kuficha. Twende tukaonwe." Atakasirika. Atakukumbusha viapo, atakukumbusha mama yake, pengine atasema chanuo hulipati. Mwache aseme yote. Akasirike, anune, asikusalimie mwaka mzima, mradi awe hai huo mwaka mzima. Halafu umwambie kwamba Jepleting atajua leo, iwe kwa mdomo wake yeye ama kwa wako, achague.

Na hapo ndipo uliponishangaza kabisa. Mna nesi kwenye Laini. Nesi mzima, kutoka Molo, anayekuja kukaa ngazi yake kila mwaka, na wewe unamwandikia mama wa gazeti. Mpigie. Anajua hospitali ipi yenye watu wa kuangalia mambo kama hayo, anajua nani wa kumwona na wakati gani, na akiambiwa arudi wiki ijayo anajua la kuuliza ili isiwe kurudi na kurudi kama ilivyokuwa kwa marehemu dada yake. Hilo ndilo Waithera anaogopa kuliko ugonjwa wenyewe, hilo la kurudi na kurudi huku hakuna mtu anayekwambia kitu. Basi asirudi hapo peke yake hata mara moja. Nyinyi mlijaza korido ya mwalimu kwa ajili ya alama. Korido ya hospitali itawashinda? Kaeni hapo kwa zamu, na vitana vyenu. Ombeni mkitaka, lakini ombeni mkiwa kwenye hiyo foleni, si badala yake, na mtu akija na chupa ya majani ya miujiza mwambieni asante, akae nayo.

Mitihani isimtishe. Akiwa na barua ya daktari, chuo kina njia ya kumruhusu aifanye baadaye, aende kwa mkuu wa wanafunzi, na kama amechoka nenda wewe na Immaculate mkamsemee. Joho linashonwa kila mwaka.

Mama yake Kariandusi asiambiwe kitu kwa sasa na mtu yeyote wa hapo hosteli, tafadhali, mfunge midomo. Subirini daktari aseme jina la kitu, kisha Waithera mwenyewe aende nyumbani akamwambie, na Jepleting aende naye aeleze matibabu ni yapi, na wewe uende uwashe moto wa chai. Mama aliyezika mtoto anaweza kusikia neno uvimbe mara ya pili. Kitu ambacho hawezi ni kuja kujua kwamba kulikuwa na wasichana waliojua, na wakasuka.

Kuhusu chanuo, unaniuliza kama unapewa kwa vidole ama kwa mdomo. Sijui, na yeye pia pengine hajui. Lakini mtu akikupa kitu kwa sababu ulinyamaza, na wewe ukasema, halafu bado akakupa, hapo utakuwa umejua. Akimpa mwingine, kaa ngazi utakayopewa, endelea kusuka.

Sasa Jumapili. Usiende kuwaambia hiyo hadithi ya ngozi inayowasha. Waithera aje akiwa amefumua, kama walivyokuja wote waliomtangulia, akae ngazi ya chini kabisa, na aseme mwenyewe kwa sauti, kama Immaculate alivyosema. Kisha kila mmoja wenu ashuke, kila mmoja mstari wake, na vidole vyenu vyote vipite hapo, vijue. Lakini safari hii msimwage nyuma hata rasta moja. Zote zivutwe juu, mzifunge utosini, shingo ibaki wazi. Jumatatu asubuhi daktari asiwe na kazi ya kutafuta.